Sakafu ya boti ya usipa: mchanga, raba au jiwe la kusugulia visigino

Habari ilishafika soko la Mwanjelwa, Mbeya, kabla yangu kwamba eti nimeipaka boti yangu mawe. Si uongo, ila haijakamilika. Ni mawe, na mchanga, na kipande cha raba, na sehemu moja ambayo sikuipaka kitu chochote cha kukwaruza, kwa makusudi kabisa. Kwa kuwa wenzangu wauza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wananiuliza mmoja mmoja huku nikipima sado, na wengine wameweka hela zao kwenye boti za ndugu zao kule Kyela, naandika hapa mara moja. Mwenye kutaka asome.

Boti yenyewe ni ya mbao, ina injini ya kupachika nyuma, inabeba watu watano hadi sita wakiwa kazini, na inalala Matema, ufukweni mwa ziwa. Nahodha ni mdogo wangu wa kiume. Mimi ni mwenye mali na mwenye maneno mengi. Anayelijua ziwa ni yeye. Wanavua usiku kwa taa: usipa wanajikusanya kwenye mwanga, wavu unazungushwa, halafu unavutwa kwa mikono. Kwenye kuvuta huko miguu inafanya kazi kuliko mikono. Mtu amesimama pekupeku, magoti kayabana kwenye ubavu wa boti, wavu unamwagia maji, boti inayumba, na chini ya nyayo kuna maji, ute na magamba. Usipa ni mdogo, lakini ute wake ukishasagwa na miguu ya watu watano unakuwa kama sabuni ya maji.

Sasa, kuteleza bafuni ni kuumia. Kuteleza ziwani ni habari nyingine. Ziwa Nyasa penye kina kirefu linafika mita 700 hivi, na upande wetu milima ya Livingstone inashuka wima mpaka ndani ya maji, kwa hiyo huhitaji kwenda mbali na ufuko ndipo uwe juu ya kina cha kutisha. Jaketi okozi wanavaa, hilo sijadiliani na mtu. Ila jaketi ni la baada ya kuanguka. Mimi nilikuwa natafuta la kabla.

Wengi wakisikia sakafu ya boti wanafikiria kitu kilichojengewa. Kwenye boti zetu sakafu ni mbao zilizolazwa juu ya mataruma, zile mbavu za ndani, na zinanyanyuliwa ili mtu achote maji yanayojikusanya chini. Ubavu wa boti ni mbao ngumu, lakini hizi za kukanyagia siku hizi wengi wanatumia msindano (paini), kwa sababu malori ya mbao kutoka Mafinga yanapita hapa kwetu Uyole kila siku na bei inaeleweka. Msindano ni laini. Ukilowa na kukauka, ukilowa na kukauka, uso wake unapauka, ile sehemu laini ya nyuzi inalika, halafu unaota ukoga wa kijani. Hapo hata bila usipa unateleza.

Jambo la pili alilonifundisha fundi wetu, mzee mmoja wa Kikisi ambaye ameshachonga mitumbwi mingi kuliko miaka yangu: ziwa hili maji yake ni matamu. Watu wa pwani wana chumvi, na chumvi inawazuia kuvu wanaoozesha mbao wasistawi sana. Sisi hatuna hiyo bahati. Chochote utakachokilaza juu ya mbao kikashika unyevu chini yake, umeanzisha shamba la kuvu. Kwa hiyo kila nilichompelekea, kabla hata hajakishika, aliuliza kitu kimoja.

“Mbao itapumua, mama?”

Hilo swali ndilo lililoamua mengi.

Nilianzia madukani, kama kila mtu. Kijana wa duka la vifaa vya ujenzi alinishauri niangalie namba kwenye boksi la vigae, akanionyesha R11, akasema hii haitelezi kabisa. Vigae kwenye boti sikuvitaka, lakini namba ilinivutia nikaisoma usiku ule kwenye simu. Kumbe ni kipimo cha Wajerumani, DIN 51130. Mtu anavaa viatu vya kazi, anatembea juu ya sakafu iliyopakwa oili huku inainuliwa upande mmoja polepole, na pembe anayoanza kutelezea ndiyo inayoipa sakafu daraja, kuanzia R9 mpaka R13. Angalieni hapo: viatu, na oili. Cha pekupeku ni kipimo kingine, DIN 51097, maji ya sabuni na nyayo tupu, na madaraja yake ni A, B na C. Wavuvi wangu hawavai viatu. Kwa hiyo R ya kwenye boksi haiwahusu sana, na yeyote anayekuuzia kitu cha boti kwa namba ya R, muulize ni miguu ya nani iliyopimwa.

Nikaamua kufanya kipimo cha Uyole. Nilikata vipande vya msindano vya kama mita moja, kila kimoja nikakivika kitu chake, nikavianika mpaka vikakauka. Halafu ubao mmoja mmoja barazani: upande huu chini, upande ule juu ya tofali, maji niliyooshea usipa yamemwagwa juu yake bila huruma. Kijana wangu wa kidato cha tatu akapanda pekupeku, mikono kwenye nondo za dirisha, mimi naongeza tofali moja moja hadi ateleze. Jirani alisimama getini akadhani ni adhabu. Ubao mtupu ulimwachia mapema mno, nilikuwa sijaweka hata tofali la pili vizuri.

Zulia la majani ya plastiki, yale ya kijani ya mbele ya maduka, lilishika vizuri. Lakini magamba ya usipa yanazama ndani ya yale majani, na baada ya siku moja ya jua pale barazani kila mtu nyumbani alijua liko wapi bila kuliangalia. Nikalitoa kabla hata ya kumpelekea fundi.

Sponji ile ya EVA, ambayo mnaijua kwa mikeka ya watoto ya kuunganisha vipande vya herufi, ndiyo inayobandikwa kwenye boti za kitalii kwingineko duniani. Ni laini kwa magoti, haifyonzi maji ndani yake, na ikichongwa mifereji inashika nyayo vizuri. Ubaya wake ni gundi. Inabandikwa ubao mzima, maji yanapenya pembeni, yanakaa kati ya sponji na mbao, hayatoki. Fundi aliiangalia, akauliza lile swali lake, akanirudishia. Kwa boti ya faiba ningebishana naye. Kwa mbao sikuwa na la kusema. Tena kisu kikidondoka, ndoana ikinasa, imekatika.

Bati lile nene la vinundu linalowekwa kwenye ngazi za mabasi ni imara, lakini kwa nyayo tupu zenye ute vile vinundu ni vya mapambo tu. Vimetengenezwa kwa ajili ya soli ya kiatu. Ni zito na bei yake inaumiza, na juani linaunguza. Kijana wangu aliteremka nalo vibaya kuliko nilivyotegemea.

Tyubu ya gari, ambayo wengine wanaikata na kuipigilia misumari, acheni. Ikiwa kavu inashika, ikilowa inateleza vibaya. Tairi lililochanwa ni afadhali kwa sababu lina meno yake, ila matairi mengi ya siku hizi yana nyaya za chuma ndani, na siku moja uzi wa waya utatokeza na kumchoma mtu unyayo akiwa ameshika wavu. Sipendi hata kufikiria.

Kuchana mifereji kwenye mbao yenyewe kwa msumeno, wazee walifanya na wengine bado wanafanya. Haina gharama na mbao inapumua. Lakini mifereji inajaa ute na kukaa na maji, na kwenye msindano kingo zake zinamomonyoka upesi. Kwenye mninga ningefikiria mara mbili.

Ikabaki rangi yenye chembechembe. Hapo ndipo palipokuwa na utamu, na ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko mume wangu alivyopenda.

Rangi yenyewe kwanza. Kuna epoksi, ile ya makopo mawili ya kuchanganya, na kuna rangi ya mafuta ya kawaida. Epoksi ni ngumu zaidi, hilo halina ubishi. Lakini inataka uwiano sahihi, glavu, na ukishachanganya saa inakukimbiza. Tena jua likiipiga wazi inapauka na kutoa vumbi la chokaa usipoipaka kitu kingine juu. Nikajiuliza: nani atairudia mwakani, Matema, ufukweni, mimi nikiwa sokoni Mbeya? Rangi ya mafuta kila fundi anaijua, inapatikana Kyela mjini, na ikichubuka unapiga msasa unapaka. Mimi nachukua kitu kinachochoka mapema lakini kinarudiwa na mtu yeyote, kuliko kitu imara ambacho siku kikibanduka hakuna wa kukigusa.

Halafu chembechembe. Mchanga wa ufukweni Matema ni mzuri kwa wageni kulalia. Mawimbi yameuviringisha, chembe zake hazina pembe. Mchanga wa mto una pembe zaidi. Uoshwe mpaka maji yatoke safi, kwa sababu vumbi likibaki rangi inashika vumbi badala ya kushika mchanga, ukaushwe, kisha uchekechwe mara mbili. Mimi niliuchukua uliopita kwenye wavu wa mbu wa dirishani ukakataa kupita kwenye chekecheo la unga. Zaidi ya hapo unachuna magoti na kukata nyavu, na ulio chini ya hapo unapotelea ndani ya rangi.

Watu walinipa mawazo mengine. Mmoja alisema pumba za mpunga, maana Kyela zimejaa nyuma ya kila mashine ya kukoboa. Zina silika ndani yake, ni kweli, lakini ni nyepesi na bapa, zinalala na kuvunjika. Mwingine, mama wa Ipinda, alisema makaka ya mbegu za mawese, yaliyotwangwa. Hilo halikuwa wazo baya. Kwingineko duniani wanatumia makaka ya jozi (walnut) yaliyosagwa kwa kazi hiihii. Nilijaribu kidogo, likashika vizuri, lakini kulitwanga ni adhabu na chembe hazilingani.

Jiwe, ambalo ndilo linalosemwa Mwanjelwa, lilitokana na visigino vyangu. Nilikuwa najisugua miguu, jiwe lile lenye vitundu linaloelea kwenye beseni, nikaliangalia. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kama miaka 4,000 iliyopita ukatapika povu la kioo cha volkano, likaganda likiwa na hewa ndani, na mpaka leo ukishuka kutoka Uyole kwenda Tukuyu unaona tabaka za changarawe hizo nyepesi kwenye kingo zilizokatwa. Sisi tunalichukulia ni la visigino na la matofali. Kwingine wanalisaga na kuliuza madukani, la kutia kwenye rangi ya ngazi ili watu wasiteleze. Tunalikanyaga bure.

Uzuri wake niliuona kwenye ubao. Mchanga ni mzito, ukiunyunyizia kwenye rangi mbichi unazama nusu. Jiwe hili likisagwa ni jepesi, linakaa juu, na kila chembe imevunjika kwa ncha. Kwenye kipimo cha matofali lilishinda vyote. Kijana wangu alifika mahali akasema, “Mama, hapa hata nikitaka kuteleza siwezi,” nikaona basi, biashara imekwisha.

Haikwisha, kwa sababu mdogo wangu alikuja Mbeya kufuata vipuri vya injini nikampandisha na yeye. Hakutazama matofali. Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya ubao wa jiwe, akatoa kipande cha wavu wa usipa mfukoni, akauburuta taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akauinua kwenye mwanga. Nyuzi zilikuwa zimeota manyoya. Wavu wa usipa una macho madogo na nyuzi nyembamba. Ukiuburuta hapo usiku baada ya usiku, umekwisha.

“Dada, wavu una thamani kuliko hiyo boti yako.”

“Na wewe je?”

Akacheka, lakini alikuwa amesema kweli, na kutoka hapo ndipo mpango wote ukabadilika. Nilikuwa natafuta sakafu moja ya boti nzima. Boti haina kazi moja. Kuna mahali watu wanasimama wakivuta, mahali wavu unalundikwa, mahali usipa wanamwagwa, mahali mtu wa injini anakaa, na mahali pa kurukia ufukweni. Kila mahali pana maadui wake. Tukakaa jikoni na karatasi, yeye anachora, mimi nauliza nani anakanyaga wapi na akiwa ameshika nini.

Pembeni kulia na kushoto, wanaposimama wavutaji, tukaweka mchanga wa mto. Hapo ndipo panaposagika kuliko pote, na mchanga wenye kwatzi ni mgumu kuliko kioo cha volkano: kwenye kipimo cha Mohs, cha ugumu wa mawe, kwatzi ni 7, jiwe letu halifiki 6. Jiwe linashika vizuri siku za mwanzo halafu linasagika. Mchanga unashika kwa kiasi halafu unadumu. Lakini tuliuacha mchanga mbali na ukingo ambako wavu unapita. Ukanda wa upana wa kiganja hivi kila upande ni rangi tupu, laini.

Mbele kabisa, panaporukiwa na kupandiwa, na juu ya benchi anaposimama mtu wa taa, tukaweka jiwe. Pale wavu haufiki, miguu inagusa mara chache lakini kila mara ikigusa ni kwa kishindo na kwa haraka. Hapo nataka ukali wote unaopatikana Rungwe.

Katikati, wanapomwagwa usipa, hatukuweka kitu. Rangi laini, makoti mawili, basi. Sababu yangu ni ya kisokoni. Usipa akiburuzwa kwenye mchanga anachubuka, anapoteza ile fedha yake, na mteja wa Mwanjelwa ananunua kwa macho kwanza. Isitoshe, ute ukiingia kwenye mkwaruzo hautoki kwa ndoo ya maji, unataka brashi, na saa kumi na moja alfajiri hakuna mvuvi anayesugua. Kwa kuwa najua watakanyaga hapo tu, niseme nisiseme, fundi alitengeneza kichanja cha fito kinacholazwa wavu ukiwa majini na kuondolewa samaki wakianza kuingia. Fito zimepigwa kukata upana wa boti, siyo kufuata urefu, ili mguu unaoteleza kwenda mbele au nyuma ukutane na kingo. Nafasi kati ya fito na fito ni ndogo, kidole gumba cha mguu hakiingii. Na skrubu zimezamishwa. Msumari unaoinuka kichwa ni adui wa wavu na wa unyayo.

Nyuma kwenye injini, raba. Zulia la raba la lori, lenye mifereji, limewekwa tu, halikubandikwa. Petroli inalainisha rangi ya mafuta, na hakuna anayejaza tangi usiku bila kumwaga tone. Raba nayo haiipendi petroli, lakini zulia likiharibika unanunua lingine, na kila wakirudi nchi kavu linatolewa linaanikwa ili mbao chini yake ikauke. Mzee fundi alilipitisha kwa sharti hilo.

Wakati wa kupaka una maana kuliko rangi. Kyela mvua inaanguka kweli, hasa Machi hadi Mei, na mbao haikauki hata ukiipigia magoti. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kukavu zaidi lakini upepo wa kusini, ule ambao ng'ambo Malawi wanauita mwera, unapuliza vumbi kwenye rangi mbichi, ingawa pia unawaweka wavuvi nchi kavu siku nyingi. Sisi tulisubiri mwezi mpevu wa Septemba. Anayevua kwa taa hana kazi mbalamwezi ikiwa kali, taa yake haiwavuti usipa, hivyo boti zinapumzika siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo zinatosha kwa makoti matatu na mapumziko yake, na hakuna mvuvi wa kunung'unika kwamba anakosa riziki. Kama una boti ya taa, kalenda ya fundi wako wa rangi iko angani.

Mbao zilinyanyuliwa zote zikabebwa hadi kwenye kivuli cha mwembe. Zilikwanguliwa ukoga, zikaoshwa, zikaachwa zikauke. Hapa fundi alinionyesha kitu ambacho sitakisahau. Alikata kipande cha mfuko wa plastiki unaoonyesha, akakibandika juu ya ubao kwa utepe wa gundi pande zote nne, akaniambia, “Kesho, mwanangu.” Asubuhi ule mfuko ulikuwa na jasho kwa ndani, matone madogo madogo, wakati ubao kwa kuushika ulikuwa mkavu kabisa. Akatikisa kichwa, tukasubiri. Tukajaribu tena mpaka mfuko ukaamka mkavu. Ndugu zangu, rangi nyingi mnazoona zimebanduka kama magome kule ufukweni hazikuwa mbovu. Zilipakwa juu ya jasho.

Kupaka kwenyewe ni hivi. Msasa wa namba 80, futa vumbi. Koti la kwanza jepesi, limetiwa tina (thinner) kidogo ili lizame kwenye nyuzi. Likikauka, koti la pili zito, na papo hapo likiwa bichi nyunyiza mchanga au jiwe kutoka juu, kwa mkono, mpaka usione rangi kabisa. Usibanie. Wengi wanachanganya mchanga ndani ya kopo halafu wanapaka. Mchanga unatuama chini ya kopo, ubao wa kwanza unapata maji ya rangi na wa mwisho unapata uji wa kokoto. Ukinyunyiza, rangi inachukua inachoweza kushika na mchanga uliobaki unaufagia rangi ikikauka, unaukusanya, unautumia ubao unaofuata. Kisha koti la mwisho juu, la kufunga. Hilo koti la mwisho ndilo linaloamua ukali: likiwa jembamba mkwaruzo unabaki mkali, ukiongeza jingine unalainika. Kwa wavutaji, ambao wanapiga magoti mara kwa mara, tuliongeza. Upande wa chini wa mbao ulipata koti moja jepesi tu, kwa sababu za mzee na kupumua kwake.

Msimu umekwenda sasa. Mchanga wa pembeni umeshika, isipokuwa mahali pamoja upande wa kushoto ambapo mvutaji mmoja ana tabia ya kuzungusha kisigino kila akivuta. Amepachimba hadi rangi ya kwanza. Patapakwa upya mwezi ukijaa. Jiwe la benchi limeanza kupoteza ncha kama tulivyotarajia, lile la mbele bado kali. Kusafisha wanatumia maji ya ziwa na brashi ngumu ya kufulia. Sabuni ya unga niliipiga marufuku kwa sababu wanaimwaga nyingi na hawaisuuzi, na hapo umerudi kwenye utelezi uleule uliotaka kuukimbia.

Wanaouliza kuhusu jiwe: usinunue yale ya dukani ya kuogea, mengine ni ya kutengenezwa. Okota la barabarani, livunje kwa nyundo ndani ya gunia, uvae miwani na kitambaa puani kwa sababu vumbi lake ni vumbi la kioo, kisha chekecha kama mchanga. Debe moja linatosha boti kadhaa. Usipeleke debe zima kwa fundi kabla hujamweleza, atakucheka.

Rangi ilileta ugomvi mkubwa kuliko vyote. Vijana walitaka zambarau, ya timu ya Mbeya City. Nikawaambia zambarau juani inaunguza nyayo mchana, na usiku wa taa huoni kisu kilichodondoka. Nyeupe nayo mchana inapiga macho. Tumeweka kijivu cha kupauka, magamba hayaonekani sana na kisu kinaonekana. Zambarau wameipata ubavuni kwa nje, mstari mmoja, na wameulipia wenyewe.